Kitabu changu cha mapishi kinazunguka bure WhatsApp. Nikitie kufuli?

*Swali: "Nimeandika kitabu cha mapishi ya Kipwani, kurasa 142, picha nimepiga mwenyewe jikoni kwangu hapa Kisauni. Nakiuza kama PDF kwa shilingi 350. Mteja akishalipa kwa M-Pesa namtumia kwa WhatsApp. Mwezi uliopita nilikikuta kwenye grupu la akina mama wa Likoni ambako sijamuuzia mtu hata mmoja, na juzi kijana wa saiba hapa mtaani kaniambia ashakichapisha mara tatu. Mpwa wangu anasema nikitie DRM, mwengine anasema neno la siri latosha. Nikiweka, wizi utaisha? Na kwa kuwa sijakisajili KECOBO, nina haki yoyote?"*

Pole, dada yangu. Vipimo umevijaribu mwenyewe, vyombo umeviosha mwenyewe, halafu kitabu kinapita mikononi mwa watu kama kadi ya mchango wa harusi. Una haki ya kukasirika. Lakini kabla hujamlipa mtu akuwekee DRM, yaani kufuli la kidijitali la kuzuia kitabu kisinakiliwe, tutenganishe kwanza hayo uliyoyataja. DRM, neno la siri na usajili wa KECOBO, ile Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, ni vitu vitatu mbali mbali, na kila kimoja kinafanya kazi ambayo kingine hakifanyi.

Nianze na usajili, maana jibu lake ni fupi. Haki unayo tangu siku ulipokiandika. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, hakimiliki huanza pale kazi inapowekwa kwenye umbo la kudumu, iwe karatasi au faili, na usajili si sharti. Kwa maandishi yako, inakaa nawe umri wako wote na miaka 50 baada ya hapo. Kusajili kwenye rejesta ya KECOBO, ile inayoitwa NRR na inayofanyika mtandaoni, kunakupa cheti cha kuonyesha kwamba ulidai kazi hiyo tarehe fulani, na siku ya ubishi cheti hicho kitakupunguzia maneno mengi. Kwa hiyo sajili. Ila kutosajili hakukumpa kijana wa saiba ruhusa, wala kutoweka kufuli hakukumpa. Jambo moja ulijue mapema: sheria inalinda maandishi yako, mpangilio wako na picha zako. Chakula chenyewe hakina mwenyewe. Mtu akiandika kwa maneno yake namna ya kupika samaki wa kupaka, na picha akapiga zake, huna kesi naye hata kama alijifunza kwako.

Sasa DRM, ambayo watu wa vitabu pepe huiita tu kufuli. Kitabu huvurugwa kwa hesabu za siri mpaka kisisomeke, na ufunguo wa kukirudisha ni namba ndefu ambayo hakuna mtu anayeweza kuikisia. Kwenye mfumo wa Adobe, unaotumiwa na maduka mengi yanayouza EPUB (aina ya faili ya vitabu pepe), mnunuzi hapakui kitabu moja kwa moja. Anapata kwanza kifaili kidogo cha kilobaiti chache kinachoishia na .acsm, ambacho kazi yake ni kama ile karatasi ya kutolea mzigo bandarini. Programu inayokielewa, kwa mfano Adobe Digital Editions, inakipeleka kwa seva, yaani kompyuta ya duka iliyoko mtandaoni. Seva inaangalia akaunti ya mnunuzi, kisha inatoa kitabu kilichofungwa pamoja na ufunguo unaofanya kazi kwa akaunti hiyo peke yake. Akaunti moja inaruhusiwa vifaa 6. Kindle ina mfumo wake, Apple ina wake, na haielewani.

Mnunuzi asiyejua haya hukibonyeza kile kifaili cha .acsm kwenye simu yake, simu ikamwambia haina programu ya kukifungua, akadhani ametapeliwa. Hilo ndilo lalamiko la kwanza utakaloletewa, na utaletewa na mtu aliyelipa.

Udhaifu wa kufuli uko kwenye maumbile yake. Ili mteja asome, lazima kitabu kifunguke ndani ya simu yake. Maana yake simu hiyo ina kitabu kilichofungwa, ina ufunguo, na ina programu inayojua kuutumia, vyote pamoja. Ni kama kumkabidhi mtu sanduku lililofungwa, na ufunguo ukaushonea ndani ya bitana ya koti lake, ukitumai hatapapasa. Wengi hawapapasi. Lakini akipapasa mmoja, nakala aliyoifungua haina kufuli tena, na ndiyo itakayozunguka. Na asiyejua mambo ya funguo anachukua simu ya pili anapiga picha kioo cha simu ya kwanza. Kurasa 142, kwa sekunde tano kila ukurasa, ni dakika kumi na mbili; akinywa chai polepole atamaliza kabla ya kikombe kupoa. Sheria yetu inakataza kuvunja kinga za kiteknolojia zilizowekwa kulinda kazi, kwa hiyo anayefanya hivyo anatenda makosa mawili. Kumjua ni nani, hapo ndipo kazi ilipo.

Usinielewe kwamba kufuli halina faida. Linazuia ule ugawaji wa mkono mwepesi, wa mtu ambaye hakukusudia kuiba, ila kidole kilikuwa karibu na kitufe cha kusambaza. Linafaa sana kwa kitabu cha kuazima, kinachotakiwa kujifunga baada ya siku 14: maktaba za kidijitali haziwezi kuazimisha bila kitu cha namna hiyo. Linafaa kwa chuo kinacholipia wanafunzi muhula mmoja. Kwa kazi hizo kuna mfumo uitwao LCP, uliotokana na Readium, ambao humtaka msomaji aandike fungu la maneno mara moja tu kwenye kifaa chake, na husomeka kwa programu za bure kama Thorium. Katika makufuli yote ninalolipendekeza bila kusita ni hilo. Lakini linahitaji seva, mkataba na mtu wa kuitunza. Vivyo hivyo kwa Adobe. Hakuna duka mjini linalouza DRM ya kitabu kimoja, na anayekuambia atakutilia kwa elfu mbili, uwezekano mkubwa anakuuzia neno la siri la PDF.

Basi tuliangalie hilo neno la siri, kwa sababu ndilo utakalokutana nalo. PDF ina maneno ya siri ya aina mbili. La kwanza ni la kufungulia: bila hilo faili haifunguki kabisa. Likiwa refu, na faili ikafungwa kwa AES ya biti 256, njia ya kisasa ya kuvuruga faili, ni kinga ya kweli, haivunjwi kirahisi. Tatizo ni kwamba unalazimika kumpa mteja neno lenyewe, naye akisambaza kitabu anaandika neno hilo kwenye ujumbe unaofuata. Ukimpa kila mteja neno lake, mfano namba ya muamala wa M-Pesa, utakuwa unaamshwa saa kumi na moja alfajiri za mfungo na mtu aliyebadilisha simu na hakumbuki neno, na mikono yake ina unga.

Aina ya pili ni ile ya ruhusa, inayozuia kuchapisha au kunakili maandishi lakini kitabu kinafunguka bila kuuliza kitu. Hiyo ndiyo watu wengi wanayoiita "kulock PDF", na hiyo haina nguvu yoyote ya hesabu nyuma yake. Kwa kuwa faili inafunguka yenyewe, ufunguo unapatikana ndani yake. Kilichobaki ni alama inayoiomba programu isichapishe. Programu yenye adabu inatii. Isiyo na adabu inapuuza, na kuna tovuti nyingi zinazoiondoa alama hiyo kwa sekunde chache. Kijana wa saiba anazijua.

Kuna hila nyingine ambazo huenda ukashauriwa. Kuweka kitabu Google Drive na kuzima chaguo la kupakua, bila kiungo chenyewe kusambaa, kunahitaji kila mteja awe na barua pepe uliyoiidhinisha, na ale bando kila anapotaka kuangalia kiasi cha tui. Kutuma kurasa kama picha za kutazamwa mara moja kwenye WhatsApp ni kichekesho kwa kitabu cha mapishi, kitabu ambacho mtu hukirudia ukurasa huo huo mara nne kabla sufuria haijatoka motoni. Na chaguo hilo halifanyi kazi kwa PDF hata hivyo. Wengine hugeuza kila ukurasa kuwa picha ili maandishi yasinakilike. Hili silipendi kabisa. Faili inavimba, na mteja asiyeona, ambaye simu yake humsomea maandishi kwa sauti, unamfungia mlango kabisa. Kenya ilijiunga mwaka 2017 na Mkataba wa Marrakesh, unaoruhusu vitabu vigeuzwe kwa ajili ya wasioona bila kusubiri kibali cha mwandishi, na ni aibu kitabu cha wali wa nazi kiwe kigumu kwao kuliko kitabu cha sheria.

Nakuja kwenye hesabu inayokuumiza zaidi. Tuseme grupu la Likoni lina watu 30: hao hawajakutolea shilingi 10,500 mfukoni. Wengine wao hawatakifungua. Wengine wasingenunua hata kwa 100. Waliopo ambao wangenunua ni wachache, na hao ndio wa kuwafikiria: kwa nini hawakununua? Mara nyingi kwa sababu hawakujua pa kununua, au walikipata kabla ya kuulizia bei. Tor Books, wachapishaji wa Marekani wa hadithi za kubuni za kisayansi, waliondoa kufuli kwenye vitabu vyao pepe mwaka 2012, na karibu mwaka mmoja baadaye tawi lao la Uingereza likasema halikuona ongezeko la kuonekana la uharamia. Mfano huo una mipaka. Wasomaji wao wana kadi za benki na wana mapenzi makubwa na waandishi wao. Wako wewe umewapata kwa kuambiana. Hata hivyo unaonyesha kwamba kitabu bila kufuli hakimwagiki chote kama maji ya ndoo iliyotoboka.

Ushauri wangu, basi: usikifunge. Kitie muhuri.

Muhuri ni maandishi madogo kwenye kila ukurasa yanayosema nakala hii ni namba ngapi. Hauzuii kitu. Unambadilisha mtu mawazo dakika ile anayotaka kusambaza, kwa sababu anaona namba yake chini ya picha ya mkate wa sinia. Njia isiyo na gharama ni hii. Kwenye LibreOffice Writer, programu ya bure ya kuandikia, fungua ukurasa mtupu wenye ukubwa sawasawa na kitabu chako. Kama ni A5, basi milimita 148 kwa 210. Chini kabisa andika kwa herufi za ukubwa wa 8, rangi ya kijivu: "Nakala 0047. Hakimiliki ya mwandishi. Kununua yako: Till", kisha namba yako ya Till ya kupokelea M-Pesa. Uhifadhi kama PDF kwa jina muhuri0047.pdf. Kwenye kompyuta iliyowekewa programu ya bure ya pdftk, weka faili zote mbili kwenye folda moja, fungua dirisha la amri ndani ya folda hiyo na uandike:

pdftk kitabu.pdf stamp muhuri0047.pdf output mapishi-0047.pdf

Baada ya sekunde chache kurasa zote 142 zina muhuri. Kama kompyuta huna, mwombe mpwa wako akutayarishie nakala 50 kwa mpigo, 0001 hadi 0050, uzihifadhi kwenye simu na uwe unatuma moja kwa kila anayelipa. Kwenye daftari andika namba ya nakala, tarehe na namba ya muamala. Daftari ndilo moyo wa mpango huu. Ukituma nakala 0012 kwa watu wawili kwa haraka, muhuri wote umekuwa pambo.

Mambo huharibika sehemu tatu. Muhuri ukiutengeneza kutokana na picha au skani, unakuja na usuli mweupe na kufunika ukurasa wako wote. Lazima utoke kwenye Writer wenyewe, usuli ukiwa wazi. Ukubwa wa kurasa usipolingana, maandishi hukaa mahali usipotarajia, wakati mwingine katikati ya orodha ya viungo. Na kama kitabu tayari kina neno la siri, pdftk itakataa mpaka uliondoe.

Usiandike jina kamili na namba ya simu ya mteja kwenye muhuri. Wapo wanaokushauri hivyo ili kumtia mtu haya. Lakini faili ikivuja, umemwaga taarifa za mteja wako kwenye magrupu usiyoyajua, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inakugusa wewe sasa, si mwizi. Namba ya nakala inatosha. Jina libaki daftarini.

Mjanja atakata ukingo wa chini. Kwa hiyo weka na alama ya pili isiyoonekana upesi, moja kwa kila fungu la nakala 50: mpangilio wa majina kwenye ukurasa wa shukrani, kwa mfano, au chembe ndogo ya rangi kwenye kona ya picha ya kaimati. Hiyo itakuambia imetoka fungu gani hata kama muhuri umekatwa. Ila kamwe usiweke alama kwenye vipimo. Wapo waliowahi kufikiria kubadilisha robo kijiko cha hamira kuwa nusu ili wamnase mtu, na anayenaswa hapo ni mteja halali na mahamri yake.

Elewa pia muhuri unathibitisha nini. Unaonyesha nakala iliuzwa kwa nani. Hauonyeshi nani aliyeivujisha. Chukua yule wa saiba: yawezekana sana hakuiba kitu. Mteja wako alitaka karatasi, kwa sababu simu jikoni hushika mafuta na kioo hujizima kila baada ya nusu dakika. Akamtumia kijana faili kwa WhatsApp, kijana akafungua kwenye kompyuta ya duka, akachapisha, na faili ikabaki kwenye folda ya vilivyopakuliwa. Aliyefuata akauliza "hicho ni kitabu gani?" na hapo ndipo nakala ya pili ilipozaliwa. Kumshtaki mteja wa kwanza kwa hilo ni kumwonea.

Huyo kijana, kwa kweli, amekufanyia utafiti wa soko bure. Nenda kwake na mapatano. Kitabu chako kikiwa cha A5, kurasa mbili hukaa upande mmoja wa A4, nne kwa karatasi nzima ya pande mbili, kwa hiyo kurasa 142 ni karatasi 36 tu. Mwambie achapishe na kutia springi, kila nakala akupe kiasi mtakachokubaliana, nawe umpe karatasi iliyotiwa sahihi inayosema ana ruhusa. Mtaandikiana idadi kila Jumamosi. Atakudanganya nakala moja mbili? Labda. Sasa hivi anakupa sifuri.

Ndani ya kitabu chenyewe kuna ukurasa mmoja ambao hukuutaja, nami nadhani haupo: ukurasa wa kumwambia aliyekipata bure afanye nini. Uweke mbele, baada ya jalada, na urudie mwisho. Maneno machache yasiyo na matusi: kitabu hiki ni kazi ya mtu mmoja wa Kisauni, kama kimekufikia kwa mkono wa mwenzio na kimekufaa, lipa shilingi 350 kwa Till hii na ujumbe wako ukifika utatumiwa nakala yako na mapishi ya nyongeza. Hayo ya nyongeza yawe ya kweli. Mapishi manane ya futari yanayotoka kila Ramadhani kwa waliolipa tu ni kitu ambacho PDF ya grupu haina, na yakivuja yatakuwa yameshapitwa na msimu. Watumie kwa orodha ya matangazo ya WhatsApp, ambayo inachukua watu 256. Kumbuka tu haimfikii mtu asiyeihifadhi namba yako, kwa hiyo kila anaponunua mwambie aihifadhi.

Punguza na uzito wa faili. Ukihamisha PDF kutoka LibreOffice, weka ubora wa JPEG asilimia 80 na picha zishushwe hadi nukta 150 kwa inchi. Kwa simu inatosha kabisa, na faili ya megabaiti themanini inaweza kushuka sana. Nakala nzito hufanya watu watafute nyepesi, na nyepesi huwa ni ile ya wizi. Toleo la nukta 300 liweke pembeni kwa ajili ya kijana wa saiba.

Ukitaka kukipeleka pia Amazon kupitia KDP, huduma yao ya waandishi kujichapishia, hakikisha kwanza kwamba lugha ya kitabu iko kwenye orodha yao. Wakati wa kupakia utaulizwa kama unataka DRM. Jibu hapana, na soma maelezo ya ukurasa siku hiyo kabla ya kubonyeza, maana kanuni za kubadilisha jibu hilo baadaye hazijakaa palepale. Sababu yangu ya kusema hapana ni kwamba kufuli la duka ni la duka. Ufunguo huushiki wewe wala mteja. Julai 2009 Amazon ilifuta kutoka Kindle za wateja nakala za vitabu viwili vya George Orwell zilizokuwa zimeuzwa na mtu asiye na haki navyo. Jeff Bezos aliomba radhi, lakini watu walishajionea kwamba kitabu kinaweza kutoka rafuni usiku. Microsoft walipofunga duka lao la vitabu mwaka 2019 walirudisha pesa, ila vitabu vyenyewe vikaacha kufunguka. Na tarehe 26 Februari 2025 Amazon iliondoa chaguo la kupakua vitabu vya Kindle kwenye kompyuta kwa ajili ya kuvihamisha kwa waya. Mama anayenunua kitabu chako cha mapishi anamfikiria bintiye atakayeolewa miaka kumi ijayo. PDF isiyo na kufuli itafunguka siku hiyo.

Sasa grupu la Likoni. Kwanza chukua ushahidi: picha za skrini zinazoonyesha jina la grupu, tarehe, na namba ya aliyeweka. Kisha mwandikie admini faraghani, bila vitisho: "Assalaam alaikum dada. Kitabu cha mapishi kilichowekwa kwenye grupu lenu tarehe fulani ni kazi yangu ninayoiuza. Nakuomba ukifute. Wanachama wako wakikitaka, mpaka Ijumaa nitawapa kwa 250." Admini ana uwezo wa kufuta ujumbe wa mwanachama kwa wote. Faili iliyokwisha kupakuliwa itabaki kwenye simu za watu, hiyo iache iende. Ina ukurasa wa Till, au toleo lijalo litakuwa nao. Kikiwekwa mahali pa wazi, kama chaneli ya Telegram ya umma, ukurasa wa Facebook au tovuti, tumia fomu zao za malalamiko ya hakimiliki, na marekebisho ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2019 yanakupa pia njia ya kumpelekea mtoa huduma wa intaneti notisi rasmi ya kuondoa.

Kuna mambo matatu ambayo hayatatuliwi kwa ujumbe. Mtu akibandika jina lake kwenye jalada lako. Mtu akichapisha kwa wingi na kuuza madukani. Au chuo cha upishi kikitumia picha zako kwenye vitini vyake na kukupuuza. Hapo usihangaike na kompyuta. Nenda KECOBO, au kaa ana kwa ana na wakili anayeshughulikia hakimiliki, na umuulize gharama kabla hujaanza kusimulia. Beba cheti cha usajili kama umeshakipata, lile daftari la nakala, picha za skrini zilizochapishwa, na simu au kamera uliyopigia picha zako zikiwa bado ndani na tarehe zake. Usizifute ili kupata nafasi, hata zile zilizotoka zina ukungu wa mvuke wa pilau. Hizo mbovu ambazo hukuziweka kitabuni ndizo ambazo mwizi hana.